Kiwanda Kilichogeuka Ukuta: Tanuru la Matofali katika Historia ya Majengo ya Kasulu na Kibondo

Msomaji atakayetaka kuandika historia ya majengo makongwe ya Kasulu na Kibondo atajiuliza swali moja mapema sana: matofali haya yote yalitoka wapi? Ataona makanisa, shule, zahanati na nyumba za watumishi, kuta zake nyekundu zikionekana toka mbali juu ya vilima vya Uha. Atatazamia kuonyeshwa, mahali fulani bondeni, jengo la kale la kiwanda lenye bomba refu la moshi na vyumba vya kuchomea. Badala yake ataonyeshwa uwanja mtupu penye shimo lililoota nyasi, na udongo mwekundu uliochanganyika na majivu na vipande vya matofali yaliyopasuka.

Hapo ndipo kiwanda kilipokuwa. Nacho hakikubomolewa kwa uzembe wala hakikuangushwa na mvua. Kilipangwa na kuwashwa moto, kikapoa, kisha kikachukuliwa kipande kwa kipande na kupelekwa mahali pa ujenzi. Tanuru la matofali la nyanda hizi ni kiwanda ambacho kuta zake ndizo bidhaa yake, na kazi yake ikiisha hakibaki. Kwa sababu hiyo, anayetafuta historia yake hana budi kuisoma katika kuta za majengo yaliyojengwa kwa matofali yake. Insha hii inakusudia kumsaidia msomaji kuisoma, kwa maana usharika unapoadhimisha miaka mia mara nyingi ndipo unapoanza kuzungumzia kubomoa jengo la zamani ili kujenga jipya.

Kabla ya tofali

Ikumbukwe kwamba Uha ilikuwa nchi yenye watu wengi na tawala zake muda mrefu kabla ya tofali la kwanza kuchomwa. Palikuwa na Heru katika eneo la Kasulu, Muhambwe katika eneo la Kibondo, na Buyungu upande wa Kakonko, pamoja na tawala nyingine, kila moja ikiwa chini ya Mwami na watwale wake. Nyumba za watu zilikuwa za msonge, zilizosukwa kwa fito na kufunikwa kwa nyasi. Hata makao ya wakubwa yalikuwa ya miti na nyasi. Yalitofautiana na mengine kwa ukubwa na ustadi wa kusuka, si kwa aina ya vifaa. Nyumba ilikuwa kitu cha kufanywa upya kila baada ya miaka kadhaa, na mji uliweza kuhama pamoja na watu wake.

Lakini tusidhani kwamba watu hawakujua kazi ya udongo na moto. Wafinyanzi walichoma vyungu, nao wahunzi walijua kupuliza makaa. Na huko kusini, Uvinza, karibu na mahali Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, watu wa pande nyingi walikusanyika wakati wa kiangazi kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi ndani ya vyungu. Uchimbuzi uliofanywa na J. E. G. Sutton na A. D. Roberts mwaka 1967 ulionyesha kwamba kazi hiyo ilianza katikati ya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Basi fundi wa matofali alipokuja kuhitaji mtu ajuaye udongo gani hupasuka na kuni zipi hukaa na moto, alimkuta mtu huyo yupo tayari. Jambo lililokuwa geni ni kuujenga moto huo kwa ajili ya ukuta.

Mzigo usiobebeka

Matofali ya kuchoma yaliingia katika nyanda hizi pamoja na serikali za kikoloni na misheni. Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadre Weupe wakafika mwaka uliofuata. Lakini Ujiji ni pwani ya ziwa, na nyanda za juu zilingoja zaidi. Wamisionari wa Kijerumani wa Neukirchen walianza kazi Burundi mwaka 1911, wakakatizwa na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kisha baina ya vita viwili wakafanya kazi katika Uha. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Wabelgiji waliiteka nchi hii mwaka 1916, na mwaka 1921 wakaikabidhi kwa Waingereza.

Reli ilileta bati, misumari, vioo na saruji. Hata hivyo kutoka Kigoma hadi Kasulu ni mwendo wa takribani kilomita 100, na njia inapanda kutoka usawa wa ziwa, ambao ni kama mita 770 juu ya bahari, hadi zaidi ya mita 1,200. Kibondo ni mbali zaidi. Kwa miaka mingi mizigo ilipanda vilima hivi juu ya vichwa vya watu.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tofali moja lililofyatuliwa kwa mkono lina uzito wa kama kilo 3. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30. Yaani mtu mmoja angebeba matofali 10. Kanisa dogo la kijijini, tuseme la matofali 30,000, lingehitaji mizigo 3,000 kabla hata jiwe la msingi halijawekwa. Hakuna misheni wala serikali ambayo ingeweza kulipa gharama hiyo. Bati lingeweza kubebwa, kwa kuwa mabati machache yanafunika chumba kizima. Tofali halikubebeka. Kwa hiyo badala ya matofali kusafiri kutoka kiwandani kwenda kwenye jengo, kiwanda kilisafiri, tena kikiwa ndani ya akili ya fundi na kibao cha kufyatulia alichokishika mkononi.

Kwingineko duniani mambo yalikwenda vingine. Mwaka 1858 Mjerumani Friedrich Hoffmann alipata hataza ya tanuru la mzunguko: jengo la kudumu lenye vyumba vilivyopangwa kwa duara, ambamo moto huhama kutoka chumba hadi chumba bila kuzimika, na joto la matofali yanayopoa hutumika kusaidia moto wa chumba kinachofuata. Majengo ya namna hiyo yanasimama hadi leo katika miji mingi ya Ulaya, mengine yakiwa makumbusho. Jirani zetu wa Uganda nao walianzisha kiwanda cha udongo cha Kajansi, kwenye barabara ya Kampala na Entebbe, mwaka 1950. Lakini kiwanda cha kudumu kinahitaji mji mkubwa ulio karibu, barabara nzuri na wanunuzi wa mwaka mzima. Kasulu na Kibondo za wakati ule hazikuwa na kimojawapo. Zilikuwa na udongo mwema, maji, miti, kiangazi cha miezi minne na watu wenye nguvu.

Usanifu wa tanuru

Hata kama tanuru hili halidumu, ni jengo, na lina usanifu wake. Aliyewahi kulipanga anajua kwamba kosa dogo katika safu ya kwanza huonekana siku ya kulifungua, wakati ambapo hakuna tena cha kufanya.

Kazi huanza mvua zinapokatika. Udongo huchaguliwa bondeni au kwenye kichuguu, kwa maana mchwa wamekwisha kuuchekecha na kuushikanisha vizuri kuliko jembe. Humwagiwa maji, hukanyagwa kwa miguu mpaka ulainike, kisha huachwa ulale. Fundi hulowesha kibao, hukijaza udongo kwa nguvu ili pembe zisibaki tupu, hukata juu, halafu hukifyatua tofali likabaki chini peke yake. Neno letu "kufyatua" limetokana na kitendo hicho cha kuachilia kwa ghafla. Matofali mabichi huanikwa chini ya nyasi ili yasikauke upesi yakapasuka, kisha husimamishwa kwa ubavu, na mwisho hurundikwa kwa nafasi ili upepo upite.

Yakisha kukauka, ujenzi wa tanuru waanza. Chini hujengwa midomo, yaani njia za moto zinazopenya kutoka upande mmoja hadi mwingine. Pande mbili za kila mdomo hupanda wima kwa safu kadhaa, halafu kila safu husogea kidogo ndani kuliko iliyo chini yake, mpaka pande hizo zikutane juu. Huo ni upinde usiotumia kiunzi wala saruji. Juu ya midomo matofali hupangwa kwa kupishana, yakiachiana nafasi ya kidole ili moto upande. Tanuru dogo lina midomo miwili. Kubwa huwa na mitano au zaidi. Likikamilika hukandikwa tope pande zote ili lisipoteze joto, na juu huachwa pumzi.

Moto huanza polepole, kwa maana unyevu uliobaki ukilazimishwa kutoka kwa haraka hupasua matofali. Mvuke mweupe ukiisha, magogo husukumwa ndani na moto hukolezwa usiku na mchana kwa siku kadhaa, watu wakikesha kwa zamu. Joto likipita nyuzi 500 hivi za Selsiasi, maji yaliyofungamana na udongo wenyewe hutoka, na tangu hapo hautarudi tena kuwa tope hata ukilazwa mtoni. Karibu na nyuzi 900 chembe zake huanza kushikana, na chuma kilichomo hugeuka rangi nyekundu tunayoijua. Kisha midomo huzibwa, na tanuru huachwa lipoe kwa siku nyingi. Mwenye haraka ya kulifungua huharibu kazi ya miezi mitatu.

Kusoma ukuta

Kwa kuwa tanuru liligeuka kuwa ukuta, ukuta unaweza kutuambia habari zake. Tunamwalika msomaji asimame mbele ya jengo lolote kongwe la matofali ambalo bado halijapigwa lipu, aangalie mambo manne.

Kwanza, aangalie rangi. Matofali yaliyokuwa karibu na midomo yalipata moto mwingi, yakawa ya rangi ya damu ya mzee, na mengine yakapindika. Yale ya pembeni yalipata moto kidogo, yakabaki na rangi ya chungwa. Fundi mwema aliyagonganisha mawili mawili na kusikiliza: yaliyolia kama chuma aliyaweka msingini na kwenye pembe, yaliyotoa sauti ya bubu aliyaweka kuta za ndani, mahali mvua isipofika. Ukuta wenye mpangilio huo ulijengwa na mtu aliyejua kazi yake.

Pili, aangalie mafungamano. Katika kuta nene tofali huonyesha mara ubavu, mara kichwa. Kila kichwa kinachoonekana ni tofali lililolazwa kupita unene wa ukuta, likizifunga pande zake mbili zisiachane. Viungo huwa vinene, kwa kuwa matofali ya mkono hayalingani, na mara nyingi ndani yake mna udongo mtupu, na saruji imepakwa kwa nje tu. Kuta hizo zimesimama kwa unene wao na kwa timazi la fundi, wala si kwa nguvu ya saruji.

Tatu, aangalie madirisha na milango. Kabla ya nondo na zege kupatikana kwa urahisi, uzito wa juu ya dirisha ulichukuliwa na upinde wa matofali yaliyosimamishwa. Ndiyo sababu madirisha ya majengo ya zamani ni membamba na marefu, na mara nyingi yana kichwa cha mviringo. Wengi huudhani upinde huo kuwa pambo la kanisa. Ulikuwa kwanza jibu la swali gumu: tutapitishaje mwanga bila kuwa na chuma? Fundi aliyejua kujenga mdomo wa tanuru alikuwa amekwisha kulijibu nusu yake.

Nne, asogee karibu sana. Juu ya uso wa tofali huonekana alama za vidole vilivyolinyanyua likiwa bichi. Mara nyingine huonekana kwato za mbuzi aliyepita uwanjani, au vishimo vidogo vya mvua iliyonyesha nje ya majira. Alama hizo zilipita katika moto, na hazitafutika mpaka tofali lenyewe livunjwe.

Mikono isiyoandikwa

Vitabu vya miaka mia huandika majina ya wachungaji, wainjilisti na wafadhili, na ni haki iwe hivyo. Lakini tanuru halikuwashwa na wachache. Wanawake na watoto walichota maji, vijana wakakanyaga udongo, wazee wakaamua kama moto umetosha. Na watu wa Uha walikuwa na mahali pengine pa kupeleka nguvu zao: katika enzi ya Waingereza maelfu yao walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya katani ya Tanga. Saa zilizotumika kukanyaga udongo wa jengo la jumuiya zilikuwa saa za watu waliokuwa na shida zao nyumbani.

Baada ya uhuru, desturi hii iliingia katika kazi za taifa. Mwaka 1972 serikali iliendesha Operesheni Kigoma ya kuwahamishia watu katika vijiji, na vijiji vipya vilihitaji shule na zahanati. Elimu ya msingi kwa wote ilipotangazwa katika Azimio la Musoma la mwaka 1974, na tena wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, wa mwaka 2002 hadi 2006, nguvu za wananchi zilipimwa kwa matofali. Mtu asiyekuwa na fedha aliweza kutoa tofali. Kwa njia hiyo tanuru liliwapa maskini nafasi ya kusema kwa haki kwamba jengo hili ni letu.

Deni la miti

Haitakuwa kweli kusifu tanuru bila kutaja lilichokula. Kila tofali jekundu limebeba ndani yake sehemu ya mti. Mababu walipochoma tanuru moja kwa ajili ya kanisa moja, msitu wa miombo ulipata miaka ya kujirudishia. Lakini idadi ya watu ilipoongezeka na kila nyumba ikataka ukuta wa kuchoma, msitu haukupewa nafasi ya kupumzika.

Mzigo huo uliongezeka kwa sababu ambazo si kosa la nyanda hizi. Vita vya Burundi vya mwaka 1993 na vile vya Kongo vya mwaka 1996 vilileta wakimbizi wengi sana katika Kasulu na Kibondo. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 na ikaendelea kwa miongo mingi. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Nduta, iliyokuwa imefungwa, ilifunguliwa tena mwaka 2015. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilikuwa miongoni mwa waliowahudumia wakimbizi mkoani Kigoma. Wakimbizi nao walifyatua matofali, nao walipika kwa kuni. Wenyeji waliowapokea waliona vilima vikibaki vitupu, na malalamiko yao yalikuwa ya haki, kama vile shida ya wakimbizi ilivyokuwa ya haki.

Siku hizi yako matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo na saruji kidogo, bila moto wowote. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001, umeyaeneza nchini. Saruji yake hununuliwa kwa fedha, na hilo ni gumu kwa mtu aliyezoea kutoa nguvu zake. Lakini mashine huhamia penye udongo na maji, na tofali hutengenezwa palepale panapojengwa. Kwa jambo hilo tofali jipya limefuata njia ileile ya tanuru la zamani.

Hitimisho

Basi tufanye nini na kuta zilizobaki? Hatusemi kwamba kila jengo kongwe lazima lisimame milele. Waumini wameongezeka, na kanisa la watu 100 haliwezi kuwatosha watu 800. Lakini kubomoa bila kujua tunachobomoa ni hasara ya namna mbili, maana ukuta ndio kumbukumbu pekee ya kiwanda chetu cha kwanza.

Ikilazimu kubomoa, matofali yaliyochomwa vema na kujengewa udongo hutoka yakiwa mazima. Yanaweza kuingia katika jengo jipya, na kila moja likaokoa kuni za tofali lingine. Ukuta mmoja wa zamani unaweza kuachwa bila lipu, ili watoto waone alama za vidole. Mahali tanuru lilipokuwa panaweza kupandwa miti ya asili, iwe malipo ya sehemu ya deni. Na kabla wazee hawajaondoka, waulizwe ni nani waliokesha kwenye midomo ya tanuru, na majina yao yaandikwe katika kitabu kama hiki, baada ya majina ya wachungaji.

Jengo jipya litakapozinduliwa, mtu atauliza tena swali tuliloanza nalo: matofali haya yalitoka wapi? Itakuwa heri kwa kizazi hicho kama yupo mtu wa kumjibu, na kivuli cha kumketisha anapojibu.